Modemu Mpya, Kurasa Nzito: Somo Nililolipata Runzewe

Wanachuo wenzangu, tukienda mazoezi ya kufundisha huwa tunabeba maandalio ya somo na nguo za kazini. Ila kuna kitu utakabidhiwa bila kuuliza: kompyuta ya ofisi ya taaluma. Ukiwa kijana wa chuo, kwao wewe ni fundi tayari. Mimi yalinikuta Runzewe, wilayani Bukombe, kwenye ile barabara ya malori ya Rwanda na Burundi. Nayaeleza hapa ili yakikukuta usiaibike kama nilivyoaibika mimi.

Ruta ya zamani ya shule ilikuwa imepigwa na radi. Wazazi wakachanga, nikatumwa Kahama na mwalimu wa taaluma kununua modemu mpya, ya kampuni nyingine ya simu. Shida yetu ilikuwa vitabu. Kidato cha tatu walikuwa wanatumia kitabu kimoja cha fizikia watu sita, wakati Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure.

Tukachomeka waya uleule wa zamani kwenye modemu mpya. Taa zikawaka. Tukafungua ukurasa, kikaanza kuzunguka kile kiduara. Kinazunguka tu. Mkuu wa shule akasimama mlangoni: "Mwalimu, ndiyo hii mliyotuletea? Kesho irudi dukani, hizo ni hela za watu."

Nikajibu kwa kujiamini, "Mkuu, modemu haina shida. Mtandao wa huku ndio mbovu." Jamani, nilikuwa sijapima chochote!

Hatua ya kwanza: gawanya njia. Kati ya kompyuta yako na ukurasa kuna kompyuta yenyewe, waya au waifai, modemu, mnara, kisha nyaya kubwa hadi ng'ambo. Ugonjwa unaweza kukaa popote hapo. Kwa hiyo chukua simu, iunge kwenye waifai ya modemu hiyohiyo, zima data ya simu, ufungue ukurasa uleule. Simu yangu ilifungua mara moja. Hapo modemu, bando na mnara vikawa havina kosa, na ile kauli yangu kwa mkuu ikaanguka.

Kama simu nayo ingekuwa nzito, ningeanza na mahali modemu ilipokaa. Bati na kabati la chuma huzuia mawimbi. Isogeze dirishani, juu kidogo, uone kama imetoka 3G kwenda 4G. Kama uzito unakuja jioni tu, huenda watu wengi wako kwenye mnara mmoja. Na kama nchi nzima inalalamika, usihangaike na mipangilio. Mnamo Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia. Siku kama hiyo hakuna cha kurekebisha ofisini.

Hatua ya pili: angalia uzito uko wapi. Hapa niliokolewa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuja kuchukua chaki. Alisimama nyuma yangu, akasema, "Samahani mwalimu, mbona ikishaanza inakuja haraka?"

Kweli. Ukurasa ulichelewa kuanza, lakini ukianza, picha zote zinashuka kwa pamoja. Faili kubwa nalo lilishuka vizuri. Yaani bomba lilikuwa pana. Kilichochelewa ni kufungua koki.

Hatua ya tatu: pima kwa namba, kisha kwa jina. Kompyuta haijui majina ya tovuti, inajua namba. Kazi ya kugeuza jina kuwa namba inafanywa na DNS, kama vile daftari la majina ya simu. Fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8. Kwangu majibu yalikuja papo hapo. Kisha andika ping na jina la tovuti ambayo hujaifungua siku hiyo. Hapo ilinyamaza kwanza, ndipo ikajibu. Namba haraka, jina pole pole: mshitakiwa ni DNS.

Nikafungua mipangilio ya mtandao, sehemu ya IPv4. Kumbe fundi wa zamani alikuwa ameandika kwa mkono namba ya DNS ya kampuni ya zamani. Tulipohamia kampuni nyingine, ile haikutujibu tena. Kompyuta inauliza, inasubiri, inakata tamaa, ndipo inauliza namba ya pili, iliyokuwa 8.8.8.8 ya Google, ambayo iko wazi kwa yeyote. Na ukurasa mmoja unaweza kuita majina kumi au zaidi. Kila jina jipya, kusubiri kupya.

Hatua ya nne: badili kitu kimoja, upime tena. Nilichagua DNS ipatikane yenyewe kutoka kwenye modemu, basi. Sikugusa kingine. Ukibadili vitu vitatu kwa mpigo, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Hiyo ni kanuni ya maabara tunayowafundisha watoto kila siku. Ukurasa ukafunguka. Shilingi tuliyotumia: sifuri.

Nikaenda kwa mkuu kumwomba radhi. Alicheka, akasema, "Basi, mwalimu, kesho watoto wasome."

Jambo moja lilinikaa. Yule kijana wa chaki nilikuwa nimemwandika kwenye daftari langu "mzito", kwa sababu nikimuuliza swali kwa Kiingereza ananyamaza muda mrefu. Wiki ile nikampima kama kompyuta: swali lilelile, kwa Kiswahili. Alijibu kabla sijamaliza. Hesabu alikuwa anaiweza, alichokuwa anasubiri ni maana ya maneno. Tangu hapo nikawa naandika maneno magumu ubaoni na maana zake kabla ya kuanza somo, na neno "mzito" nikalifuta.

Ukipangiwa shule, nenda na hatua hizi nne. Na kabla ya kusema mtandao ni mbovu au mtoto ni mzito, pima kwanza.