Kuuchagua na Kuutunza Upinde wa Mbao
Kijitabu kwa wakazi wa Makina

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na tangu hapo kazi halali iliyobaki kwa upinde ni kulenga shabaha. Ni kazi yenye heshima: mwaka 2016 Shehzana Anwar, mpiga upinde, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio de Janeiro. Kijana wa Makina akisema anautaka mchezo huu, asichekwe. Asaidiwe kupata upinde unaomfaa, kisha afundishwe kuutunza, maana upinde wa mbao huharibikia nyumbani zaidi kuliko uwanjani.

Tunazungumzia upinde ambao ncha zake zimekunjwa kwenda mbele, mbali na mpigaji. Mara nyingi mikono ya upinde huo ni vipande vyembamba vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, pengine pamoja na fibaglasi. Ncha hizo huupa mshale kasi bila upinde kuwa mrefu, ila zikifungwa kamba vibaya hujisokota. Uta wa Kikamba ulioachiwa na babu ni fimbo moja ya mti isiyo na gundi, lakini mengi yaliyo hapa yanaufaa nao.

Uzito kwanza

Vijana hupenda upinde mzito. Waata wa Tsavo walivuta pinde za zaidi ya ratili 100, za kumwangusha ndovu, lakini hao walianza utotoni. Mtu mzima anayeanza anatosheka na ratili 20 hadi 30. Mtoto apewe chini ya hapo. Ukizidi, atatetemeka, atakunja bega, na mwisho ataumia.

Uzito huandikwa kwenye mkono karibu na kishikio, kwa mfano 30 kwa inchi 28: ukivuta hadi inchi 28, utahisi ratili 30. Kujua mvuto wako, nyoosha mikono pande zote, upimwe kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, halafu ugawe kwa 2.5. Mwenye inchi 65 anapata 26. Kila inchi pungufu hupunguza takriban ratili 2, kwa hiyo upinde huohuo kwake ni kama wa ratili 26.

Ukiukuta wa mitumba, soko la Toi au kwingineko, usitoe pesa kabla ya kuukagua. Pitisha pamba taratibu juu ya mikono yote miwili. Ikinasa, pana ufa. Kisha ufungwe kamba, uutazame kutoka nchani kama seremala anavyotazama ubao. Kamba ipite katikati ya mikono. Ikiegemea upande, mkono umejisokota, na usikubali kuambiwa utanyooka wenyewe.

Mabati

Nyumba zetu nyingi ni za mabati. Saa nane mchana paa huwaka, na alfajiri ya Julai hudondosha umande. Joto hulegeza gundi na kuikausha mbao mpaka ivunjike. Unyevu huiondolea nguvu. Usiuweke upinde darini, karibu na jiko la makaa, wala kwenye bati tupu. Utundike kwa mlalo juu ya misumari miwili iliyofungwa kitambaa, ukuta wa ndani. Usiuegemeze pembeni, mkono wa chini utapinda.

Fungua kamba kila umalizapo. Wakati wa kufunga, tumia kamba ya kufungia yenye vifuko viwili: kila ncha iingie kifukoni mwake, kanyaga kamba hiyo katikati, inua kishikio, na kwa mkono wa pili telezesha kitanzi mpaka kikae kwenye mfuo wake. Wanaopitisha mguu kati ya kamba na upinde na kuukunja pajani ndio wanaozisokota ncha. Kamba ikianza kutoa nyuzinyuzi, ipake nta ya nyuki na uisugue kwa vidole hadi nta ilainike. Uzi mmoja ukikatika, badilisha kamba nzima.

Usivute kamba ukaiachia bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hurudi kwenye mbao, na upinde unaweza kupasuka mkononi. Mgeni akitaka kujaribu tu, mkatalie kwa upole.

Vichochoro vyetu si uwanja. Lenga penye nafasi, pasipo na njia nyuma ya shabaha, mtu mzima akisimamia. Barabarani upinde ukae mfukoni, kamba imefunguliwa; kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu ni kosa la jinai.

Mishale ya babu

Uta wa zamani ukija na mishale, tazama chini ya chembe. Utomvu mweusi uliokauka, mara nyingi ukiwa umezungushiwa ngozi, huenda ni sumu ya msunguti, ambayo ikiingia jerahani husimamisha moyo. Usidhani miaka imeimaliza. Usiikwangue, usiioshe kwenye beseni la vyombo. Ifunge mishale ndani ya gunia nene, iweke juu watoto wasipofika, kisha uwaulize Makavazi ya Kitaifa ya Kenya namna ya kuikabidhi.