Nyasi Bandia za Mbwa Kwenye Udongo Mweusi: Anza na Njia ya Maji

Wakazi wa Syokimau, Mlolongo na Athi River wanaujua vyema udongo mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha hufura, hunata kwenye viatu na kushikilia maji kwa siku kadhaa. Mbwa anayefugwa kwenye ua kama huo hulala matopeni, na watoto hucheza papo hapo. Ndiyo sababu baadhi ya familia hutandika nyasi bandia.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la leseni za mbwa na ustawi wa wanyama. Somo hili linaeleza jinsi ya kutandika nyasi hizo bila kupoteza pesa na bila kumdhuru mnyama.

Kosa linalogharimu wengi

Mara nyingi fundi huchimba shimo la sakafu tambarare, hulijaza kokoto na kutandika zulia la nyasi juu. Wiki ya kwanza kila kitu hupendeza. Mvua ikija, maji hupita kwenye kokoto hadi chini, yakakuta udongo mweusi usioyapitisha. Shimo hilo sasa ni beseni. Mkojo wa mbwa huchanganyika na maji yaliyotuama, na harufu kali ya amonia hupanda hadi sebuleni na kwa jirani.

Fikiria uwanja wa mita 4 kwa mita 3. Mvua ya milimita 20 huumwagia lita 240, yaani jerikeni 12 za lita 20. Kabla ya kununua nyasi, jiulize maji hayo yataelekea wapi.

Pima udongo wako

Chimba shimo la kina cha sentimita 30. Lijaze maji, yaache yazame, kisha ulijaze tena. Usitegemee mara ya kwanza, kwa kuwa udongo mkavu humeza maji kupitia nyufa na kukudanganya. Baada ya saa moja, pima maji yameshuka kiasi gani. Yakiwa yameshuka chini ya sentimita 2.5, udongo wako haupitishi maji vya kutosha na utahitaji bomba la kuyatoa.

Hatua za kazi

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali kidogo na ukuta wa nyumba. Udongo mweusi ukilowa kando ya msingi hufura na unaweza kupasua ukuta.

2. Chimba sakafu yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Kwa uwanja wa mita 4, upande wa juu chimba sentimita 8 na upande wa chini sentimita 16. Hakikisha kwa kamba na pima maji.

3. Upande wa chini chimba mfereji wenye kina zaidi. Laza humo bomba lenye matundu, lifunike kwa kokoto, na ulielekeze kwenye miti au maua. Usilielekeze kisimani, kwenye bustani ya mboga wala kwa jirani.

4. Tandaza kitambaa cha kuchuja udongo juu ya sakafu yote. Bila kitambaa hicho, kokoto huzama kwenye matope msimu baada ya msimu.

5. Mwaga kokoto safi, zisizo na vumbi, kwa unene wa sentimita 10, na ushindilie. Uwanja wetu wa mfano unahitaji takriban mita 1.2 za ujazo. Juu yake weka kokoto ndogo kwa sentimita 3 na ushindilie tena. Usitumie maramu hapa, kwa kuwa huziba njia ya maji.

6. Tandika nyasi zenye matundu mgongoni na urefu wa takriban sentimita 3. Funga kingo imara ili mbwa asizifukue. Kabla ya kufunga, mwaga ndoo moja ya maji na uone kama yanatoka kwenye bomba.

Utunzaji

Zoa kinyesi kila siku, kwani mayai ya minyoo yanaweza kuwaambukiza watoto. Suuza kwa maji mahali mbwa anapokojoa. Maji ya mvua kutoka paani yanatosha. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Jua la mchana hupasha nyasi za plastiki moto kuliko nyasi za kawaida. Weka kiganja juu yake kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, mbwa naye anaungua nyayo. Mwekee kivuli na maji ya kunywa.

Ukiwa na bajeti ndogo

Kwa anayelazimika kuchagua, ushauri wetu ni kugharamia mteremko, bomba na kokoto kwanza. Mbwa anaweza kukaa vizuri juu ya kokoto ndogo laini zinazopitisha maji, na nyasi zikanunuliwa baadaye. Nyasi ghali juu ya beseni zitang'olewa mvua ya kwanza.

Maliza kazi hii wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Machi au za Oktoba. Na unapomwandalia mbwa wako mahali pa kulala, hakikisha amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa mwaka huu. Kwa ushauri, fika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako.