Pazia la Miti: Jinsi Matawi Mawili Yanavyoungana Kuwa Moja

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, nyumba nyingi zimo katikati ya kibanja, zimezungukwa na migomba na mibuni. Migomba husitiri ua vizuri, lakini mkungu ukikomaa mgomba wake hukatwa, na pengo hubaki. Anayetaka sitara ya kudumu anaweza kupanda miti kwa mstari na kuunganisha matawi yake yawe pazia moja la majani. Kabla ya kushika panga, inafaa kuelewa namna mti unavyokua.

Mti hurefuka kwenye ncha zake tu. Sehemu ya shina iliyokwisha kukomaa hairefuki tena. Msumari uliopigiliwa kwenye shina mita 1.5 kutoka ardhini utakutwa mita 1.5 hata baada ya miaka 20. Vivyo hivyo, tawi lililoota usawa wa kifua litabaki usawa wa kifua, hata kama kilele kimepita paa la nyumba. Ndiyo maana kimo cha pazia huamuliwa mapema, kwa kuchagua matawi ya kubaki na ya kuondoa.

Kunenepa ni jambo jingine. Chini ya gome kuna utando mwembamba wa seli hai uitwao kambiamu. Seli zake hugawanyika bila kuchoka: zinazoachwa upande wa ndani huwa mbao, ambamo maji hupanda kutoka mizizini, na zinazoachwa upande wa nje huwa gome la ndani, ambamo sukari iliyotengenezwa na majani hushuka.

Sasa matawi mawili ya miti ya aina moja yakifungwa pamoja, kila moja litaendelea kunenepa, nayo yatakandamizana. Gome lililobanwa katikati husagika, kambiamu mbili hugusana, na tangu hapo hujenga mbao ya pamoja. Kukwangua gome kidogo mahali pa kugusana huharakisha kazi. Kamba ya mgomba inafaa kuliko waya, kwa kuwa huoza yenyewe. Waya hukata gome la ndani, na sukari haishuki tena.

Mti unaofaa sana ni ule ambao Wanyambo, wenyeji wa wilaya hizo, huuita omutoma, wa jamii ya mikuyu. Gome lake ndilo lililotengenezewa nguo katika nchi za Ziwa Viktoria, ufundi ambao UNESCO iliutambua kwa upande wa Uganda mwaka 2005. Fundi hubandua gome, kisha hufunga shina kwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jipya huota. Mti wenye uwezo huo wa kujiponya huungana kwa urahisi. Tena hauhitaji mbegu: tawi nene likichomekwa ardhini mvua za vuli zinapoanza, huota mizizi.

Ili kuyaongoza matawi, funga fito mlalo kando ya mstari wa miti; yakishazifikia, yalazwe juu yake yangali laini. Ncha iliyosimama wima hutoa homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuzuia machipukizi ya pembeni. Tawi likilazwa, kizuizi hicho hulegea, na machipukizi ya upande wa juu huamka. Hayo ndiyo yanayojaza pazia.

Mstari wa miti uwe mbali na kuta na tangi la maji, maana mizizi ya omutoma ina nguvu ya kupasua msingi.