SOMO: KWA NINI TATE HAONI?



Tunaona tate anakaa mlangoni, hajui nani anapita mpaka asikie sauti. Tunasema: «Ni uzee tu.» Mara nyingi siyo vile. Iko ugonjwa wa katarakti, ni kusema mtoto wa jicho: kioo kidogo cha ndani ya jicho kinaingia ukungu. Dawa ya matone haiwezi kuuondoa. Munganga anapasua, anatoa kile kioo, anaweka kingine cha plastiki. Mara nyingi kazi hiyo haifiki nusu saa.

Basi, kwa nini wazee wengi wanabaki vipofu? Tunajibu upesi: franga hakuna. Lakini tuangalie mambo ya Uhindi.

Munganga Govindappa Venkataswamy alipata pensheni akiwa na miaka 58. Vidole vyake vilipindika kwa ugonjwa wa viungo. Hata hivyo, mwaka 1976, katika mji wa Madurai, alianzisha hospitali ya macho ya vitanda 11 tu, jina lake Aravind. Alipanga kazi hivi:

1. Mwenye franga analipa, maskini anapasuliwa bure. Wanaolipa wanabeba wasiolipa.

2. Munganga ana meza mbili. Akimaliza mgonjwa mmoja, mwingine amekwisha kutayarishwa. Wasichana wa vijijini walifundishwa kazi zingine zote, munganga anabaki na kupasua.

3. Vioo vya kutoka ng'ambo vilikuwa bei kali. Mwaka 1992 walianza kuvitengeneza wenyewe katika kiwanda cha Aurolab, bei ikashuka sana.

4. Walikwenda vijijini kupima macho. Wazee waliambiwa kupasuliwa ni bure, lakini wengi hawakufika! Sababu gani? Walikosa franga za bisi, chakula, na mtu wa kuwasindikiza. Basi hospitali ikaongeza motokari na chakula.

Neno hili la nne tulishike sana. Kwa mzee, bei ya matunzo siyo dawa peke yake. Safari iko ndani pia. Mwenye kupanga matunzo aanze kuhesabu kwenye mlango wa mzee, asianze kwenye mlango wa hospitali.

Sisi hatuko waganga, lakini mkono wa kumshika tate tunao. Likizo ikifika, tumwonyeshe vidole, tumwulize ni vingapi. Akishindwa, tumsindikize kwenye kituo cha afya.

MAULIZO
1. Kwa nini neno «bure» halikutosha?
2. Kutoka kwenu mpaka kituo cha afya, mzee atatumia nini, kwenda na kurudi? Hesabu yote.