Tunza Embe Kabla Halijafika Kiwandani

Msimu ukipamba moto huko Mkuranga, maembe huwa mengi kuliko magari, na kila mtu ana haraka. Haraka hiyo ndiyo inayoyaharibu. Kiwanda kinaweza kusaga, kuchemsha na kufungasha. Utamu uliopotea njiani hakiwezi kuurudisha.

Anza kwa kuchuma yaliyokomaa tu. Embe lililokomaa huiva hata baada ya kuchumwa, lakini changa husinyaa na kubaki chachu. Rangi ya ganda isikudanganye, kwani aina nyingine hukomaa zikiwa bado kijani. Tazama mabega ya tunda: yakijaa na kupanda juu ya shina la kikonyo, embe liko tayari. Ukiwa na shaka, pasua moja. Nyama iliyo karibu na kokwa ikiwa imeanza unjano, chuma; ikiwa nyeupe, subiri.

Kisha kuna utomvu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kikonyo kikikatikia palepale kwenye tunda, utomvu huruka, na kila unapotua huunguza ganda. Baadaye utaona michirizi myeusi, na kuoza huanzia hapohapo. Kwa hiyo usitikise mti wala usiangushe maembe kwa fimbo. Kata kwa mkasi, ukiacha kikonyo cha urefu wa kidole. Yafikishe kivulini, punguza kikonyo kibaki sentimita moja hivi, kisha yapange juu ya chanja upande wa kikonyo ukiangalia chini, mpaka utomvu uchuruzike wote. Yasiguse udongo. Wachumaji wavae glavu na walinde macho, maana utomvu huo huunguza hata ngozi ya mtu. Halafu yaoshe kwa maji safi.

Chuma asubuhi na usiyaache juani hata kama gari limechelewa. Yaliyotobolewa na nzi wa matunda yatenge, uyafukie kwenye shimo refu. Ukiyaacha chini ya mwembe, unafuga nzi wa msimu ujao.

Gunia la lumbesa ni adui. Maembe ya chini hubeba uzito wa yote, na jeraha la ndani halionekani mpaka kisu kipite. Tumia kreti za plastiki zenye matundu, na usizijaze kupita ukingo.

Kama kiwanda kinataka yaliyoiva, yavundike mahali penye hewa, kwenye nyuzi 20 hadi 25. Usitumie kabaidi: mara nyingi huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na hupaka rangi ganda huku nyama ikibaki bila ladha. Embe bichi nalo usiliweke kwenye baridi ya chini ya nyuzi 13, kwani litashindwa kuiva vizuri.

Nanyi wenye viwanda, wapeni wakulima kreti kabla msimu haujaanza. Mkulima asiye na kreti atarudi kwenye gunia, na hasara hiyo mtaipokea ninyi mlangoni.