Usimwongezee Mdogo Wako Umri



Somo: Luka 2:41-52

Yesu alikuwa na miaka 12 alipobaki Hekaluni. Maria na Yosefu walimtafuta, wakamkuta baada ya siku tatu, na Mama akamuuliza kwa nini amewafanyia hivyo. Naye akarudi nao Nazareti, akawatii. Mzazi ana haki ya kujua mtoto yuko wapi na anaongea na nani.

Leo mtoto wa miaka 12 anaweza kuwa sebuleni, pembeni ya mama yake, kumbe anaongea na ChatGPT. Masharti ya huduma hiyo yanataka angalau miaka 13, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi. Machi 2023 mamlaka ya Italia ya kulinda taarifa binafsi iliizuia kwa muda. Sababu mojawapo, hapakuwa na njia ya kuhakiki umri. Huku kwetu, sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto.

Vijana huniuliza: "Frateri, dogo anataka imsaidie hesabu tu. Nikimwekea mwaka wangu wa kuzaliwa, kuna ubaya gani?"

Kwanza, ni uongo. Amri ya nane haijasamehe fomu za mtandaoni.

Pili, mashine inaweza kukuamini. Ulinzi uliowekwa kwa ajili ya watoto unaweza kushindwa kumfikia mtu uliyemtangaza kuwa mtu mzima.

Tatu, watoto husema yote: ugomvi wa baba na mama, jina la shule, ugonjwa wa bibi. Padre amefungwa na siri ya maungamo. Mashine haina kifungo hicho. Mazungumzo yanaweza kuhifadhiwa na kampuni, hata kutumika kuifundisha. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inalinda haki ya mtu kutunza faragha yake. Na falsafa imenifundisha kutofautisha: mtoto anapungukiwa uzoefu, hapungukiwi utu.

Tufanye nini? Wiki hii keti na mdogo wako. Kama umri wako unaruhusu, uliza wewe, yeye akiwa pembeni. Majina na siri za nyumbani zisiingie. Na wazazi waambiwe, jamani.

Tafakari: Nani anajua leo mdogo wangu ameongea na nani?

Tusali: Ee Yesu, uliyekua chini ya uangalizi wa Maria na Yosefu, utufanye walinzi waaminifu wa wadogo zetu. Amina.