Same kwa mfuko wa mwanafunzi

Kinachokula hela katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi ni gari. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi, na mwanafunzi anayejibana wiki moja anakimudu bila kumpigia simu mjomba. Lakini ndani ya hifadhi huingii kwa miguu, na huingii kwa bodaboda. Kwa hiyo ukishuka stendi ya Same na begi lako, vijana wa bodaboda watakuambia kwa uso mkavu kwamba Mkomazi ni hapo tu, twende. Hawadanganyi. Geti la Zange liko kilomita chache kutoka mjini na watakufikisha. Hapo safari yao inaisha, na yako haijaanza.

Tafuteni wenzenu kabla ya kutafuta gari. Watu wanne ndio mwanzo wa hesabu yenye maana. Sita ni bora zaidi, hata kama wawili kati yao hawajui pofu na kongoni wanatofautianaje. Mkishakamilika, msichukue gari kupitia dalali wa stendi. Nina kinyongo na jambo hili na sifichi. Dalali mmoja alipokea kishika uchumba chetu kwa ajili ya Land Cruiser tuliyoonyeshwa kwenye simu yake, na asubuhi ikaja Noah yenye matairi vipara na dereva ambaye hajawahi kuvuka geti. Ulizeni nyumba mliyolala, au ulizeni watumishi wa hifadhi wenyewe, mzungumze na mwenye gari ana kwa ana. Kabla hamjatoa hata senti, mambo haya yawe yamesemwa kwa sauti: mafuta ni ya nani, kiingilio cha gari ni cha nani, dereva anakula kwa nani, na mnarudi saa ngapi. Wapare wanataniwa nchi nzima kwamba wako tayari kuuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. Mimi naona ni watu wanaopenda mapatano yaeleweke, na ukienda nao hivyo mtaelewana vizuri sana.

Getini hapokei mtu fedha taslimu. Malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo kupitia simu, na VAT iko juu yake, kwa hiyo hakikisha simu ina salio la kutosha ukiwa bado mjini, ambako mtandao unashika. Bebeni vitambulisho vya NIDA. Kitambulisho cha chuo kinathibitisha kwamba unasoma, hakithibitishi kwamba wewe ni raia, na tofauti ya bei kati ya raia na mgeni inauma. Rafiki yenu Mkenya au Mganda naye analipa bei ya Afrika Mashariki, mradi awe na pasipoti au kitambulisho cha kwao. Yule wa kutoka Ulaya anayejitolea shuleni kwenu analipa bei ya mgeni. Mwambieni mapema, asije akajifunza habari hiyo dirishani huku nyie mnamsubiri.

Sasa wanyama. Anayetaka kuona simba watano na magari kumi na tano yamewazunguka aende Ngorongoro, na aende na hela. Mkomazi ni nyika kavu ya kilomita za mraba 3,245, iliyojibanza kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Upare na Usambara, imepakana na Tsavo ya Kenya, na wanyama wake hawajazoea kupigwa picha. Mnaweza kwenda saa nzima bila kuona kitu zaidi ya vumbi lenu wenyewe. Halafu kwenye kichaka cha miiba anasimama swala twiga kwa miguu ya nyuma, shingo imenyooka, anachuma majani ambayo mbuzi angeyakatia tamaa. Huyo humpati Serengeti kirahisi. Choroa pia wako, na tandala mdogo mwenye mistari myeupe ambaye ukimwona nusu dakika umebahatika. Tembo wengi huvuka kutoka Tsavo mvua zinaponyesha, kisha hurudi. Ndiyo maana siwasikilizi wanaosema msije kabisa wakati wa mvua. Msije katikati ya masika, gari litazama. Lakini vuli ikishaanza, nyika inageuka kijani kwa siku chache na Mkomazi inakuwa sehemu nyingine.

Faru ni hadithi ya pekee. Faru weusi wa Mkomazi walimalizwa na majangili kabla sisi hatujazaliwa. Wanne wa kwanza wa kuanzisha kizazi kipya waliletwa mwaka 1997 kutoka Afrika Kusini, baadaye wakaongezwa wengine, wakiwemo waliozaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya. Kwa hiyo mwanafunzi anayeota safari ya Afrika Kusini anaweza kuwaona wajukuu wa faru wa huko kwa nauli ya basi la Same. Wanaishi ndani ya uzio, mnapelekwa kwa utaratibu wa hifadhi, na kiingilio chake ni tofauti na cha geti. Wapo watakaosema faru wa ndani ya uzio si safari. Mimi nasema lipeni. Ndiyo hela pekee ya ziada niliyoitoa Mkomazi bila kunung'unika, kwa sababu faru mweusi wa porini, asiye na uzio, utamtafuta mpaka shahada iishe.

Siku moja inatosha. Ingieni alfajiri, tokeni jioni, mlale nje. Kila usiku wa ndani ni gari jingine la kulipia, hata likiwa limesimama.

Mji wa Same wenyewe wageni wengi wanauona kupitia dirisha la basi linalokwenda Moshi au Arusha: joto, upepo, vumbi, wauza karanga. Hawakosei sana. Kwa malazi, anzeni na nyumba za wageni za makanisa, kwa kuwa Dayosisi ya Pare ya KKKT na Jimbo Katoliki la Same yote yana makao hapa. Vyumba vya namna hiyo ni safi, geti hufungwa mapema, na hakuna muziki wa baa chini ya dirisha. Lakini tembea mjini jioni ukijua unakanyaga wapi. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakaja kukaa hapa, kwenye makao ya wilaya ya mkoloni, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, na waligoma kuondoka kwa miezi. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka Upareni, aliandika kitabu juu ya mgomo huo. Kwa macho yangu, uwanja wowote wa Same una historia nzito kuliko jiwe la Malameni kule Mbaga, ambako utasimuliwa habari za watoto waliotolewa kafara kwa sauti ya filamu ya kutisha, kisha uombwe hela ya simulizi. Lirukeni.

Njia ya Maore ndiyo inayowashinda wageni. Kutoka Same barabara inapita chini ya milima upande wa mashariki: Kisiwani, Maore, Ndungu, Kihurio, mpaka inakutana na barabara kuu kwenye mji mdogo wa Mkomazi. Lami inawekwa kwa vipande, na kati ya kipande na kipande ni mashimo. Magari ni mabasi madogo na Noah, huondoka yakijaa, na "yamejaa" ya Same si ile ya Dar. Asubuhi ndiyo saa yake. Anayefika stendi saa nane mchana akitegemea kufika Maore na mwanga wa jua atalala Same bila kupenda. Hili nalo muulize kondakta mapema: gari linafika Ndungu au linageuzia njiani? Kuna wanaokata tiketi ya mbali wakiwa na nia ya kuwashusha abiria karibu, wakikuhamishia gari jingine ambalo kondakta wake hana habari na nauli uliyokwisha kulipa.

Kwa nini uende huko? Kwa sababu Maore ndipo utakapoielewa Mkomazi kuliko ukiwa ndani yake. Upande mmoja wa barabara kuna milima ya kijani inayotiririsha mito, upande wa pili nyika ya wanyama. Watu wamebanwa katikati, na mpunga na mahindi yao. Skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, hekta 680 zilizotengenezwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, ni nzuri kutembea pembeni yake jioni. Kanyageni tuta, msikanyage majaruba ya watu. Usiku tembo wanatoka hifadhini kuja mashambani. Muulizeni mzee yeyote hapo habari za tembo, mkianza na shikamoo na mkikubali kukaa kitako. Mtasikia mambo ambayo hayamo katika vipeperushi: mazao yanavyoliwa usiku mmoja, na jinsi wafugaji walivyoondolewa Mkomazi mwaka 1988, wakati bado ni pori la akiba, miaka 20 kabla haijawa hifadhi ya taifa. Mkitaka maporomoko, yako ya Thornton juu ya Gonja, jirani na Maore. Kiangazi ni uzi wa maji tu. Msipande kwa ajili ya picha mliyoiona mtandaoni.

Kutoka hapo au kutoka Same, pandeni milimani: Mbaga, Mamba, Chome. Hapa ndipo hela ya mwanafunzi inapopata heshima. Chumba, makande ya jioni, chai ya tangawizi, na kijana wa kijijini wa kuwaonyesha njia, vyote kwa pamoja kwa siku nzima havifikii sehemu yako ya gari la Mkomazi. Ndani ya msitu wa hifadhi ya asilia wa Chome yumo ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, anayeishi Upare Kusini na hapatikani kwingine duniani. Kilele cha Shengena kina mita zipatazo 2,460 na kila mtu atawaambia mkipande. Msitu wa njiani ni mzuri mno, ila kileleni penyewe mara nyingi mtaona ukungu na miti. Wanaopanda kwa ajili ya mandhari watakasirika. Geukieni popote mtakapochoka, hamtakuwa mmepoteza kitu.

Jambo moja linawakwamisha wageni kila wiki, na hakuna anayewaambia. Upare Kusini Wasabato ni wengi. Wamisionari wao walifika Giti mwaka 1903. Jua la Ijumaa likizama, vijiji vingi vinatulia, na Jumamosi maduka yanafungwa na magari yanakuwa ya kubahatisha. Nunueni chakula Ijumaa asubuhi. Na mvua kubwa ikianza msipande gari la milimani, hata kama dereva anacheka. Novemba 2009 maporomoko ya udongo kule Goha, Mamba Miamba, yaliua watu zaidi ya 20.

Kurudi Dar, mabasi ya Arusha yanapita Same, na hapo kuna ujanja wa mwisho: kondakta anataka nauli nzima ya kutoka Arusha kwa mtu aliyepandia njiani. Taja nauli elekezi ya LATRA, dai tiketi ya mtandao yenye jina la Same, na kama hataki, basi jingine liko nyuma yake. La usiku usilipande kutoka hapa, maana unaweza kulisubiri barabarani hadi saa tisa na upepo ule. Treni ya TRC ni ya bei nafuu kuliko yote, ila haiendi kila siku na haina haraka na mtu mwenye mtihani Jumatatu. Kama mmenunua tangawizi za Mamba, zigawaneni kwenye mabegi. Gunia moja litalipiwa kama mzigo, mabegi sita hayaulizwi.